Miss Marple, Warshawski, Mma Ramotswe au Amantle: uanze na mpelelezi yupi wa kike?

Juni ikifika Iringa baridi huwaingiza watu ndani mapema, na kikundi chetu cha wasomaji hapa Kihesa ndipo hunoga. Tuna nesi, msusi, walimu, karani wa mahakama na mama mmoja mfanyabiashara wa mbao anayekuja kutoka Mafinga kazi ikimruhusu. Karibu wote wanapenda riwaya za upelelezi. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeagiza vitabu, swali wanaloniuliza ni lile lile: katika hizi ambazo mpelelezi ni mwanamke, tuanze na ipi? Wana haki ya kuuliza. Vitabu vingi vya namna hii viko kwa Kiingereza, huagizwa Dar es Salaam au huokotwa kwenye meza za vitabu vilivyokwisha kusomwa, na fedha yetu ni ya michango. Kitabu kikichaguliwa vibaya hutembea mkono kwa mkono mpaka jalada linachanika na hakuna aliyefika katikati.

Kwa hiyo nawaweka wanawake hawa ubavu kwa ubavu, ili anayechagua, awe Iringa, Mbeya, Njombe au Tukuyu, ajue anachonunua. Siwapimi kwa kuuliza yupi jasiri zaidi, maana karibu wote ni jasiri. Nawapima kwa maswali matatu: haki ya kuuliza anaipata wapi, nani anajiona analazimika kumjibu, na akishaupata ukweli anaweza kuufanyia nini. Kwa maoni yangu hapo ndipo nafasi ya mwanamke katika riwaya hizi ilipobadilika. Bastola na gari vilikuja juu yake tu.

Walikotoka

Hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi ni ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1841. Wanawake wake wakuu ni mama na binti yake waliouawa ndani ya nyumba yao mjini Paris. Anayefikiri ni mwanamume, Dupin. Wao wamekufa ili yeye apate fumbo la kufumbua, na nafasi hiyo ya maiti imemfuata mwanamke katika vitabu vya uhalifu hadi leo.

Maisha halisi yalikuwa mbele kidogo. Mwaka 1856, mjini Chicago, Kate Warne aliajiriwa katika ofisi ya upelelezi ya Allan Pinkerton, na mwaka 1861 alikuwa mmoja wa waliomsindikiza kwa siri Abraham Lincoln akielekea Washington kuapishwa. Uingereza, mwaka 1864, ulitoka mkusanyo wa hadithi ambao mpelelezi wake ni mwanamke anayelipwa kwa kazi hiyo, huku polisi wa London wakiwa hawana askari wa kike hata mmoja. Doria za askari wa kike katika jiji lile zilianza mwaka 1919. Kwa hiyo anayesema mpelelezi wa kike ni jambo la majuzi hajaangalia tarehe.

Mwaka 1930 peke yake unatosha kuonyesha nafasi zote ambazo mwanamke alikuwa amepangiwa. Agatha Christie alitoa riwaya ya kwanza ya Miss Marple, bibi mchunguzi wa kijijini. Dorothy L. Sayers alimleta Harriet Vane, mwandishi wa riwaya anayesimama kizimbani kwa tuhuma ya kumuua kwa sumu mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Marekani alianza Nancy Drew, binti mwenye gari lake anayefumbua mafumbo. Jina la Carolyn Keene lililo kwenye jalada ni la kubuni, na aliyeandika vile vya mwanzo ni Mildred Wirt. Huko huko Marekani, Dashiell Hammett alichapisha kitabu chenye Brigid O'Shaughnessy, mrembo mwongo anayewaponza wanaume, na Effie Perine, katibu muhtasi mwaminifu wa mpelelezi. Mchunguzi, mtuhumiwa, binti mdadisi, mtego na msaidizi wa ofisini, wote wametoka mwaka mmoja.

Kwenye rafu yetu ya Kiswahili

Sisi tulianza na Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alimtoa mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, mpelelezi mtulivu wa Unguja mwenye kiko chake, na rafiki yake Najum karibu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatupa Simu ya Kifo na Inspekta Wingo. Kisha wakaja Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambao waliwafanya watu wengi wa rika langu wasome Kiswahili mpaka mafuta ya taa yakaisha. Nawaheshimu waandishi hawa na nitaendelea kuwanunua.

Lakini wapime kwa maswali yale matatu. Katika vitabu hivi mwanamke huulizwa kuliko anavyouliza. Alikuwa wapi usiku ule, alikuwa na nani, anampenda nani, pesa amezipata wapi. Akiwa mrembo, msomaji ameshafundishwa kumshuku kabla hajafungua mdomo. Ni Brigid yule yule, safari hii kwenye hoteli ya Dar es Salaam au Nairobi. Hata Nuru, anayesafiri na Joram Kiango na kuingia naye hatarini, bado ni kwa habari ya Joram kwamba kitabu kinafunguliwa na kufungwa. Nimesikia wakisema hiyo ndiyo hali ya maisha ya wakati ule. Sikubali. Wakati ule ule mama zetu waliokuwa wakiuza mpunga na viazi Mwanjelwa walijua nani anamdai nani, nani kahama usiku na kwa nini. Maarifa yalikuwepo. Hakuna aliyewapa kitabu.

Ndiyo maana kikundi kililazimika kutafuta nje, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Miss Marple au Warshawski

Miss Marple hana leseni, mshahara wala cheo. Ana bustani, sindano za kufumia na miaka mingi ya kuwaangalia watu wa St Mary Mead. Bustani yake inatazama njia, naye akiwa anapalilia au ameinua darubini yake ya kuangalia ndege, anamjua aliyepita, saa ngapi, na kama mkononi alikuwa na kitu. Hakuna anayelazimika kumjibu. Wanamjibu kwa sababu hawamwoni kuwa hatari: ni bibi tu, anapenda umbea, mpe chai. Akishaupata ukweli, lazima autue mbele ya mwanamume mwenye cheo, na mwanzoni wanaume hao humdharau. Nguvu yake yote inatokana na kudharauliwa huko, na anajua namna ya kuitumia.

Wengi huanza na kile cha 1930, The Murder at the Vicarage. Mimi nasema ukiwa Iringa anza na A Pocket Full of Rye cha mwaka 1953. Katika kitabu hicho tajiri anauawa kwa sumu, kisha anauawa binti wa kazi za ndani anayeitwa Gladys, mwili wake ukaachwa uani penye kamba za nguo, na muuaji anamwachia kibanio cha nguo puani. Miss Marple ndiye aliyemfundisha kazi Gladys baada ya kumchukua kutoka kituo cha yatima. Anapanda treni na kwenda kwenye nyumba hiyo kwa hasira, na hasira yake haihusu tajiri. Kile kibanio ndicho kinachomuuma: mtu kamuua binti, halafu akamfanyia mzaha.

Hapa kwetu sura hiyo haisomwi hivi hivi. Mikoa hii imepeleka mabinti wengi mno kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, na katika kila ukoo yuko shangazi au mdogo mtu aliyewahi kupandishwa basi akiwa mdogo, akiwa na begi moja na namba ya simu kwenye karatasi. Mama wa Mafinga alikatiza usomaji akauliza, "Na bila huyu bibi, nani angeuliza kuhusu Gladys?" Ukitaka kitabu ambacho mwanamke mzee anamdai dunia maelezo juu ya binti asiye na mtu, ni hicho. Nakuonya jambo moja: Christie aliandika akiwa ndani ya tabaka la wenye watumishi, na mara nyingine anawaeleza mabinti wa kazi kana kwamba akili zao ni fupi. Msome ukiwa umejiandaa kwa hilo, na muliseme mkiwa pamoja.

Warshawski ni upande mwingine kabisa. Sara Paretsky alimleta mwaka 1982 katika Indemnity Only. Ni mwanasheria aliyewahi kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo, baba yake alikuwa polisi, naye ana ofisi Chicago, leseni, bastola na madeni. Haki yake ya kuuliza imeandikwa kwenye karatasi. Wanaolazimika kumjibu ni wachache mno, kwa sababu anaowauliza ni wakubwa wa bima, vyama vya wafanyakazi na benki, na jibu lao la kwanza mara nyingi ni watu wa kumpiga. Anapigwa kweli, anaumia, anaamka kesho yake na mwili unauma kama wa mtu mwingine yeyote. Akiupata ukweli anaweza kuupeleka mahakamani au kwenye gazeti, na hapo ndipo alipompita Miss Marple.

Katika kikundi, karani wa mahakama ndiye aliyempenda kuliko wote. Alisema uhalifu wa vitabu hivi unakaa mahali anapofanyia yeye kazi, yaani kwenye fomu, risiti, madai ya fidia yenye majina ya watu wasiokuwepo. Waliochoka ni wale ambao Kiingereza chao ni cha shule na hawajazoea lugha ya mitaani ya Marekani. Msusi alikiacha ukurasa wa arobaini na kitu, na simlaumu.

Katikati ya hawa wawili kuna Cordelia Gray wa P. D. James, katika An Unsuitable Job for a Woman cha mwaka 1972. Ana umri wa miaka 22. Mshirika wake mwanamume anajiua na kumwachia ofisi inayokufa njaa pamoja na bastola isiyo na kibali, na kila anayekutana naye anamwambia kazi hii haimfai mwanamke. Ni kitabu kifupi, kizuri, cha huzuni, na binti aliyemaliza chuo hapa mjini akikosa ajira atajiona humo. Sue Grafton naye, mwaka huo huo wa 1982, alianza na herufi A mfululizo wa Kinsey Millhone, akafika Y kabla ya kufariki mwaka 2017. Ni rahisi kuliko Paretsky na una ucheshi, ila haukutuachia mazungumzo marefu.

Kati ya Marple na Warshawski, basi: kama kikundi chako kina watu wa umri mchanganyiko na Kiingereza cha kawaida, chukua Marple. Kama ni watu wa ofisi, benki, sheria au uhasibu, wanaojua wizi wa kalamu, chukua Warshawski bila kusita. Nikiambiwa nichague kwa moyo wangu, nachukua Warshawski, kwa sababu nimechoka na wanawake wanaofaulu kwa kujifanya hawajui. Walimu wetu wanapinga kwa nguvu. Wanasema Marple hajifanyi chochote, ni wengine wasiomwona.

Mma Ramotswe au Amantle

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda, kwa sababu vitabu hivi viwili vinatoka nchi moja, Botswana, vimepishana miaka minne tu, na vyote vinagusa jambo moja la kutisha. Namna vinavyoligusa haifanani hata kidogo.

Cha kwanza ni The No. 1 Ladies' Detective Agency cha Alexander McCall Smith, cha mwaka 1998. Mwandishi ni mwanamume aliyezaliwa Bulawayo na aliyewahi kufundisha sheria Botswana. Precious Ramotswe anafungua ofisi ya upelelezi Gaborone, chini ya mlima Kgale, kwa fedha ya ng'ombe alioachiwa na baba yake, mzee aliyefanya kazi migodini Afrika Kusini. Mali yake ya ofisi ni gari dogo jeupe, meza mbili, viti viwili, simu, taipureta ya zamani, birika la chai na vikombe vitatu: chake, cha katibu na cha mteja. Msomaji wa Rungwe au Kilolo hahitaji kuelezwa maana ya binti kurithi ng'ombe na kuwauza wote afungue biashara ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuifungua. Tulipofika hapo kikundi kiliacha kitabu kikazungumzia mirathi mpaka giza likaingia, na hayo ni mazungumzo ambayo semina nyingi hazijawahi kuyapata.

Wakili anamuuliza kama wanawake wanaweza kuwa wapelelezi. Anamjibu kwamba wanawake ndio wenye macho, ndio wanaojua yanayoendelea, kisha anamuuliza kama hajawahi kumsikia Agatha Christie. Kwa hiyo Mma Ramotswe mwenyewe anajua ni mjukuu wa nani. Haki yake ya kuuliza ni heshima: ni mtu mzima, mnene, mwenye adabu, na katika jamii ile mtu wa namna hiyo akikuuliza jambo ni aibu kumnyima jibu. Sisi tunaosalimiana kwa "kamwene" kabla ya kutaja shida tunaelewa kazi inayofanywa na salamu yake ndefu kabla ya swali lenyewe.

Kesi yake ya mwanzo inaonyesha anavyofanya kazi. Mwanamke mwenye kazi nzuri ametembelewa na mzee anayedai kuwa baba yake aliyepotea zamani. Mzee amehamia, anakula, anaagiza. Mma Ramotswe anavaa sare ya nesi, anafika nyumbani mbio, anamwambia mzee kwamba binti yake amepata ajali na inahitajika damu ya baba, nyingi, kiasi kwamba baba mwenyewe huenda asipone. Mzee anakiri hapo hapo kwamba hana mtoto. Nesi wetu alisema huo ni uongo mkubwa wa kitabibu, kisha akaomba tuusome tena kwa sauti.

Cha pili ni The Screaming of the Innocent cha Unity Dow, cha mwaka 2002. Dow ni mwanamke aliyeishtaki serikali yake kwa sababu sheria ya uraia ilimnyima mwanamke wa Botswana aliyeolewa na mgeni haki ya kuwapa watoto wake uraia, akashinda hadi Mahakama ya Rufaa mwaka 1992. Mwaka 1998 akawa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Mtu huyo anapoandika kuhusu jalada lililopotea, anajua majalada yanavyopotea.

Mhusika wake, Amantle, ni binti aliyemaliza sekondari na kupangiwa zahanati ya kijijini katika mpango wa vijana kulitumikia taifa. Usifikirie JKT ya Mafinga au Itende yenye kwata. Huyu amepelekwa kusaidia wahudumu, nao hawamtaki, wanampa kufagia na kupanga stoo. Ndani ya stoo anakuta boksi lenye namba ya jalada la polisi na jina la Neo, mtoto wa kike wa miaka 12 aliyetoweka miaka mitano iliyopita. Polisi walisema ameliwa na wanyama. Ndani ya boksi mna nguo za mtoto, zina damu, na wanyama hawavui nguo.

Mtoto huyo aliuawa kwa ajili ya viungo. McCall Smith naye analigusa jambo hilo katika kitabu chake: mtoto wa kiume amepotea, na kila mtu anaogopa kutaja sababu. Lakini kwake hofu hiyo ni wingu linalopita. Kwa Dow ndiyo kitabu chenyewe, na wanaohusika ni watu wenye suti, wenye biashara, wanaoheshimiwa.

Hapa kwetu hatuwezi kusoma hayo kama habari za mbali. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Njombe ilipita katika mauaji ya watoto yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na wazazi wa mikoa hii yote wanakumbuka jinsi walivyokuwa wakiwasindikiza watoto shule. Kwa sababu hiyo namshauri mtu achague Dow akiwa anajua anachokiingia. Usikipeleke kwenye kikundi chenye mzazi aliyepoteza mtoto bila kumwambia kwanza. Usiwape wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili.

Rudi kwenye maswali matatu, tofauti inajitokeza. Mma Ramotswe ana haki ya kuuliza kwa sababu ya umri, adabu na ng'ombe wa baba. Amantle hana hata kimoja; ni mdogo, ni maskini, na ofisi nzima ina sababu ya kumnyamazisha. Mma Ramotswe hujibiwa kwa heshima. Amantle hajibiwi, kwa hiyo anaacha kuuliza peke yake: anawaita wanasheria wanawake anaowafahamu, na wanakijiji wanakataa katakata boksi lile lirudi mikononi mwa polisi. Mma Ramotswe akishaujua ukweli, mara nyingi anaamua mwenyewe nani aambiwe na nani asamehewe, na mambo yanaishia nyumbani. Ukweli wa Amantle ni mkubwa mno kuishia nyumbani. Unahitaji serikali ijibu, na mwisho wa kitabu hauna faraja.

Nesi wetu alituambia jambo ambalo nimelifikiria sana. "Sisi stoo zetu tunazijua," alisema. "Boksi halikai miaka mitano bila mtu kujua lipo. Kuna mtu alikuwa akilipitisha kila mwaka kwenye hesabu ya vifaa." Kwa neno hilo tulirudi nyuma kuwasoma upya wale wahudumu wanaomkaripia Amantle, na tukaona kitabu kimewaweka pale kwa makusudi: wanawake wenzake, wenye mishahara, wanaoogopa. Hicho ndicho ninachompendea Dow. Hamwekei mwanamke mmoja upande wa ukweli na kuwaacha wengine wote wawe mapambo. Wamo wanaofichua, wamo wanaoficha, yumo mama anayesubiri.

Wapo wanaosema McCall Smith anaipaka Botswana sukari. Kuna ukweli katika hilo, lakini yeye ndiye aliyemfanya mama mwenye duka Ipogolo asome kitabu chote cha Kiingereza kwa mara ya kwanza tangu aache shule, na jambo hilo silibezi. Mimi kwa watu wazima nachagua Dow. Kwa wanaoanza, Ramotswe.

Wawili wa kufikiria kwa haraka

Oyinkan Braithwaite wa Nigeria alitoa My Sister, the Serial Killer mwaka 2018. Korede ni nesi wa Lagos ambaye mdogo wake mrembo anawaua wapenzi wake, na yeye ndiye anayesafisha damu. Hapo yule mrembo wa hatari wa 1930 yuko tena, ila safari hii anasimuliwa na dada yake, na dada anamjua tangu utoto na anaijua nyumba waliyokulia. Sura ni fupi fupi, za kurasa mbili tatu, na vijana wa vyuo waliozoea kusoma kwenye simu wanakimaliza kwa siku chache.

The Missing American cha Kwei Quartey, cha mwaka 2020, kina Emma Djan wa Accra, aliyetaka kuwa polisi wa upelelezi, akamkataa mkubwa wa kazi aliyemtaka kimwili, na akaipoteza ajira. Anaingia ofisi binafsi na kufuatilia matapeli wa mtandaoni. Anayepokea kila wiki ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" atajua uwanja anaouchezea. Nakipendekeza hasa kwa askari wa kike wanaokaa kwenye madawati ya jinsia na watoto vituoni. Wao kila siku hufanya kazi ambayo Cordelia Gray aliambiwa haimfai mwanamke, na vitabu vyenye mtu kama wao ni vichache.

Kwa hali yako

Kwa klabu ya wasichana wa sekondari, Mbeya mjini au wilayani, chukua Nancy Drew kwa walio wadogo na Ramotswe kwa wakubwa. Epuka Paretsky mpaka Kiingereza kikomae. Mwalimu anayetaka mjadala wa darasani atapata mwingi zaidi kwenye sura ya wakili na ile ya ng'ombe kuliko kwenye kitabu kizima cha Nancy Drew, ambacho kazi yake ni kumfanya mtoto apende kugeuza kurasa, na kinaifanya vizuri.

Anayesoma peke yake jioni na hataki kuota ndoto mbaya, Miss Marple, nami nasisitiza cha 1953.

Asiyependa kusoma kwa Kiingereza asijione ameachwa. Aende Maktaba ya Mkoa aulizie Abdulla na Katalambulla, asome kalamu ikiwa mkononi, na pembeni ya karatasi aweke alama kila mwanamke anapouliza swali na alama nyingine kila anapoulizwa. Tulifanya hivyo na Simu ya Kifo, na kutoka kwenye alama zile walimu wawili wa kikundi wameanza kuandika hadithi ya upelelezi kwa Kiswahili ambayo mwenye kuuliza ni muuza viazi wa Uyole. Wakiimaliza nitaiweka kwenye orodha hii na nitaipima kwa maswali yale yale.

Na anayeweza kununua viwili tu, anunue Ramotswe na Dow pamoja. Atangulize Ramotswe, amfuatishe Dow bila kitabu kingine katikati, na akifika kwenye boksi la stoo arudi asome tena habari ya mtoto aliyepotea katika kile cha kwanza.